Wimbi Nililotaka Kulifuta

Nilirudi nyumbani kijijini Bugene likizo nikiwa na kompyuta yangu, skani za ubongo za wagonjwa wa kifafa na za watu wenye afya, na kiburi cha kutosha. Tasnifu yangu ya uzamivu ilikuwa imebakiza sura moja. Humo nilidai kwamba kwa wagonjwa, sehemu mbili za ubongo hupingana: moja ikipanda, nyingine inashuka. Msimamizi wangu alifurahi. Ila kulikuwa na jambo nililolijua na kulinyamazia: kupingana huko kulionekana tu nikishafuta wimbi la pamoja, lile linalopanda na kushuka ubongo mzima kwa wakati mmoja.

Wataalamu wamegawanyika. Wapo wanaosema wimbi hilo ni pumzi na kutikisika kwa kichwa ndani ya mashine, kwa hiyo lifutwe. Wengine wanasema humo humo mna kazi ya ubongo wenyewe, na ukilifuta unaweza kuzua upinzani ambao haupo. Mimi nilikuwa upande wa wafutaji, maana ndiko shahada yangu ilikokuwa.

Mama yangu ni mkulima wa migomba na kahawa, aliishia darasa la saba. Aliniuliza ninahangaika na nini, nikamweleza kwa Kinyambo changu kibovu huku akinisogezea kahawa ya kutafuna, zile buni kavu. Nilimwambia ni kama kukagua shamba: ikiwa migomba yote imefifia kwa jua, unaliweka jua kando na kutafuta mgomba uliozidi wenzake. Nilijiona mwalimu hodari.

Mama alicheka kwanza. Kisha akanisimulia kiangazi kimoja kikali, mimi nikiwa shule ya bweni. Kila asubuhi alipita kibanjani, shamba lake la migomba, akilinganisha kila mgomba na jirani yake, kama bibi alivyomfundisha. Hakuona uliozidi, kwa sababu majani yote yalikuwa ya njano sawasawa. Akalaumu jua. Siku alipokata shina, usaha wa njano ukatoka. Kumbe ulikuwa ugonjwa wa mnyauko, na yeye ndiye aliyeusambaza kwa panga lake, akipogoa shina hadi shina bila kulipitisha motoni kuua vijidudu. Aling'oa migomba yote. Alisimulia hayo bila kujitetea hata kidogo, na mimi ninayejua kujitetea kwa lugha tatu nilimwonea wivu.

"Hicho unachokifuta," akaniuliza, "umewahi kukikata ukaona ndani?"

Sikuwahi.

Mchana ule nililipima wimbi lenyewe, kundi kwa kundi. Kwa wagonjwa lilikuwa kubwa zaidi, na sikuweza tena kuapa kwamba ni pumzi tu. Huenda nilikuwa nimefuta sehemu ya ugonjwa wenyewe, nikabaki na upinzani nilioutengeneza kwa mikono yangu. Nilimwandikia msimamizi kwamba dai langu halisimami, na kwamba nitaonyesha matokeo ya njia zote mbili. Alikubali, lakini utetezi wa tasnifu ukasogezwa hadi mwaka ujao.

Jumapili, nje ya kanisa, wanawake wenzake Mama walimuuliza mahafali yangu ni lini ili wapange safari. Niliinamisha kichwa. Mama akawajibu kwa sauti iliyofika barabarani:

"Si mwaka huu. Kazi yake ilikuwa na kosa, na amelikuta mwenyewe."

Alisema hivyo kwa majivuno, kama vile nilikuwa nimeshavaa joho.