Nilizima Sauti ya Laptop ya Mzee Mukhwana

Kila asubuhi nikifika kazini nafagia, naweka maji ya chai, halafu nawasha mashine za wateja moja moja.

Jumanne hiyo nilikuwa bado nimeshika ufagio laptop ya Mzee Mukhwana ilipotoa ule mlio mdogo wa kuwaka.

Ilikuwa bubu siku tatu.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi niliweka ufagio chini, nikaingia kwa settings, nikaizima ile sauti tena.

Wacha nieleze.

Naitwa Mukami. Nilisomea IT hapa Kitale, na natengeneza kompyuta kwa duka la jamaa anaitwa Wachira. Mimi si mtu wa maneno mengi. Mteja akiniangalia sana, nasahau hata nilichotaka kumuuliza.

Mzee Mukhwana alitoka Sirisia, huko Bungoma, na laptop iliyokuwa inakwama kwama. Ilibidi niiwekee Windows upya, na ukifanya hivyo kila kitu kilichoko upande wa C kinafutika, kilichoko upande wa D kinabaki.

Nikamuuliza, "Mzee, vitu vyako viko D?"

"Ndiyo, viko."

Hakujua D ni nini. Aliona haya kuuliza. Na mimi niliona haya kumuuliza mtu mzima mara mbili.

Nikafuta.

Alipokuja kuichukua, alivuta stuli akakaa karibu. "Niwekee Mama Nakhungu kwanza nimsikie."

Mama Nakhungu ni mkewe, Nabwile. Alifariki mwaka jana. Binti yao, Nakhungu, alikuwa amemrekodi akisimulia vile alikutana na mzee kwa mashamba ya tumbaku Malakisi, na vile mzee alikuja kumposa na viatu vya kuazima, vyote vya mguu wa kushoto. Dakika kumi na moja, nyingi ni kicheko. Mzee alikuwa anamsikiliza kila siku akinywa chai.

Sauti haikutoka. Spika ilikuwa na alama nyekundu.

Wachira akaingilia kati haraka. "Hiyo ni driver tu, mzee, programu ya kuendesha spika. Tuachie mashine, tutakupigia."

Mzee alipoondoka, nilitafuta folda yake kila mahali. Haikuwepo. Nikamwambia boss.

"Usiseme kitu," akasema. "Hapa faili ikipotea, ni driver. Atachoka mwenyewe."

"Na asipochoka?"

"Mukami, kwani kazi umechoka nayo?"

Nikarudi kwa mashine.

Nilijaribu programu mbili za kurudisha faili. Zikaniletea nusu ya picha ya ng'ombe na barua za kanisa.

Driver yenyewe haikunisumbua sana. Ile ya kwanza ilikataa. Nikachukua namba ya kifaa, nikaitafuta mtandaoni, nikaipata, nikaiweka jioni. Asubuhi ndiyo mashine ikalia.

Nikaizima kwa sababu, bila sauti, mzee bado alikuwa na mke wake mle ndani.

Alhamisi akapiga simu. "Mwanangu, tumefika wapi?"

"Bado natafuta driver, baba."

"Pole na kazi. Mungu akubariki."

Nilienda nyuma ya duka nikalia.

Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe, na njugu za kukaanga kwa karatasi. Wachira alikuwa ameenda Suam.

"Usiogope, sijakuja kugombana," akasema. "Mimi sina haraka. Mwenye haraka alikuwa Nakhungu. Ati simu yake imejaa, haipigi picha. Jumapili akaniuliza kama afute ile sauti ya mamake."

Niliweka njugu mezani.

"Alikuwa nayo kwa simu?"

"Si ndiyo hiyo alirekodia. Imekuwa huko tu. Nikamwambia futa, yangu iko salama Kitale, inangoja driver."

"Na akafuta?"

"Hapo hapo. Hata akanipiga picha na ng'ombe."

"Labda iko kwa takataka ya simu, baba."

"Alisema amesafisha yote, hadi takataka."

Siku kumi na mbili. Siku ile ya kwanza ningefungua mdomo, angempigia binti yake, na sauti ingetumwa kabla chai haijapoa.

Wewe unayesoma hii, ukiharibu kitu cha mtu, mwambie siku hiyo hiyo, hata kama unatetemeka. Huwezi jua ni kitu gani anatupa huko nyumbani kwa sababu anakuamini.

Mimi nilichelewa. Niliwasha sauti, laptop ikalia, na mzee akavua kofia, akavuta stuli.

"Alaa, kumbe imepona. Haya mwanangu, niwekee."

Hakukuwa na mtu mwingine dukani.

"Baba, hakuna kitu cha kuweka. Mama nilimfuta mimi, siku ile ya kwanza, na tangu hapo nimekuwa nikikudanganya."