Etaje Makumi Ine na Munane

Wakati ya vita, ile ya pili ya inchi yetu, niliamini na moyo yangu yote kama kule Butembo kuko mufanyabiashara moja anajenga nyumba ya etaje makumi ine na munane, ghorofa juu ya ghorofa. Sikuamini nusu-nusu, niliamini sawa vile mutu anaamini kama kesho ni siku. Na ile habari ilikuwa na mukia yake: nyumba ikiisha, kila saa kumi na moja ya mangaribi kivuli yake itaanguka mpaka kwetu Beni, na kakao yetu ya kuanika haitakauka tena.

Kutoka Butembo mpaka Beni, ku lori, ni nusu siku ya kukula vumbi, na barrière za basoda benye bunduki zilikuwa nyingi kuliko miti. Kivuli gani itapita ile njia yote bila kusimamishwa? Leo ninajiuliza. Ile wakati nilikuwa nimetoka kupata diplome yangu ku masomo ya mangaribi, kiisha miaka saba ya kusinzia juu ya kitabu, na mwenye diplome ya mupya hana maulizo, eko na majibu tu.

Aliyenipa habari alikuwa konvwayeri wa lori, yule mutu anapandaka juu ya mizigo na kupiga bodi na mukono ili shofere asimame. Alitukuta kando ya barabara, tunageuza kakao juu ya bashi, ile turubai ya plastiki.

"Mulishaona zile byuma zenye zinatoka ku kichwa ya nyumba?" alisema. "Mafundi banaziita fer d'attente. Fer ya kungojea. Zinangojea nini? Etaje! Kila fer moja inangojea etaje yake."

"Na ziko ngapi?" niliuliza.

"Enda uhesabu. Si weye njo ulisoma?"

Nikaenda. Butembo kulikuwa sawa vile nilikuacha: milima nyekundu, manyumba zinapandiana mabega, na batu banajenga sawa vile vita iko ku inchi ingine. Nilisimama katikati ya barabara, kidole juu, ninahesabu. Ile nyumba ilikuwa na chini na etaje moja, donc bado mutoto. Mais ku kichwa, fer zilikuwa zimesimama sawa nywele za mutu ameona simba.

"Papa, uko unahesabu nyota muchana?" alilalamika kijana mwenye anasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao, imejaa viazi birai. "Toka, nitakukanyanga!"

Nilihesabu mara mbili. Makumi ine na munane. Nikarudia Beni nimebeba ile hesabu sawa barua ya gavana.

Sasa, ile miezi, yaya yangu, dada yetu mukubwa, alikuwa amekimbia kutoka Kipese na batoto bane na manjanja kumi na nane, yale mabati ya paa. Bengine balikimbia na magodoro. Yeye alipanda juu ya nyumba yake na nyundo, akang'oa paa, akaifunga na kamba, akaipakiza mu lori. "Nyumba bila paa, hakuna soda atalala mule," alisema. Alifika kwangu na aliniomba neno moja tu: nimujengee kuta mu kiwanja ya baba, apige manjanja yake juu, mbele ya mvua kuanza. Tulikuwa tunalala batu sita mu chumba moja. Nikigeuka mimi, bote banageuka.

Nilijenga. Sitajisifu, mais matofali nilipanga mimi mweye, na kuta zilisimama. Tu, ku kona ine niliweka nguzo za beton ya simiti, na ndani ya kila nguzo nikapanda fer ine, ndefu, sawa nilivyoona Butembo. Niliuzisha kinga yangu juu ya kulipa ile fer, ile baiskeli niliipenda kupita bandugu bengine. Ine mara ine, kumi na sita. Nilijiambia: Beni ni muji mudogo, tusijivune, etaje kumi na sita itatosha.

Manjanja nikakataa kupiga.

"Juu ya nini unakataa?" yaya aliuliza.

"Yaya, nani anaweka paa ku etaje ya kwanza, wakati kumi na tano zinangojea? Tuweke bashi kwanza."

"Etaje kumi na sita ya kulalisha nani?"

"Ya heshima ya muji! Batu ya Butembo banasemaka sisi tunajengaka tumepiga magoti."

"Na maji? Nitabeba bidon mpaka kule juu?"

"Kutakuwa ascenseur. Ni kachumba kenye kanapandaka kenyewe, na kuran ya umeme."

"Kuran ya wapi? Hapa hata redio yako inakufaka mbele ya habari kuisha."

Bamotari benye balikuwa banangoja bateja kando ya kiwanja balicheka mpaka mumoja akaangusha pikipiki. Kiisha mambo ikakuwa mabishano ya kweli, kila mangaribi, sawa vile bunge.

"Butembo banapanda juu sababu hawana fasi, ni milima tu," mumoja alisema. "Sisi tuko na uwanja mpaka ku muto Semliki. Tupande kufanya nini?"

"Kuonekana!" nilijibu. "Mugeni akifika, aone muji kwa mbali."

"Mugeni gani? Wenye banafikaka hapa na bunduki? Diplome, sikia. Nyumba ya juu kabisa mu muji, wa kwanza kulala mule ni basoda. Banapenda kuona mbali kupita weye."

"Musikie uyu," yaya alisema. "Hana diplome, na eko anasema kweli."

Nilibaki na jibu moja tu, ilikuwa ya Kifaransa, na hata mimi sikuielewa muzuri.

Mvua ilikuja siku ya tatu kiisha yaya na batoto kuingia chini ya bashi, saa nane ya muchana, batoto beko banakula maharagi. Ninasema mvua, mais ilikuwa Semliki yote imepoteza njia. Bashi ilijaa katikati, ikavimba sawa tumbo ya ngombe, na ikapasuka. Sahani ya maharagi ilielea mpaka ku mulango, kitabu ya nyimbo ya kanisa ikafuata, na mutoto mudogo akafuata kitabu, anacheka.

Yaya hakucheka. Manjanja zake kumi na nane zilikuwa zimepangwa pale ndani, na alikaa juu yazo, batoto batatu chini ya kitenge moja, anangoja mvua ichoke. Alibeba paa kutoka Kipese, na sasa alikuwa ameikalia.

Kesho yake aliita fundi bila kuniuliza. Alikuwa muzee wa Butembo, amekuja Beni kusalimia mukwe wake, na balimuambia yaya kama huyu alifanya kazi ku ile nyumba yenyewe. Mimi nilifurahi kupita bote. Mwisho, mutu wa kunisaidia!

"Wasingya kufika, fundi," nilimushukuru. "Ile nyumba ya etaje makumi ine na munane, sasa mulifika ngapi?"

"Etaje ya nini? Iko moja juu, na njo mwisho. Patron anauzisha chini, analala juu."

"Mais fer? Nilihesabu mimi mweye, makumi ine na munane!"

Aliangalia kona zangu ine, polepole, moja moja. Kiisha aliniangalia mimi.

"Nguzo kule ziko ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na kila nguzo iko na fer ngapi?"

"Ine," nilisema, na nilianza kusikia hesabu inanikuta nyuma, sawa lori bila breki.

Yaya alikuwa amesimama ku mulango, nyundo tayari mu mukono.

"Bwana Diplome," fundi alisema, bila kucheka, "kila nguzo inakuwaka na fer ine. Hata nguzo ya choo. Tunaziacha ndefu ili siku mwenye nyumba akipata uwezo, aunge etaje moja. Asipopata, zinakula kutu. Haziko hesabu ya etaje. Hizi zako tutazipinda, zishike mbao ya paa. Leta misumari, mvua iko inarudi."