Dawa Imeisha

Walimwita Mama Vikao, na jina lilimkaa. Muuguzi huyu wa zahanati alichoka kuona shule, ofisi ya maji na wasimamizi wa soko kila mtu kivyake, huku watoto wanaugua. Akawafuata mmoja mmoja, akawasumbua, hadi wakakubali kukaa meza moja. Wengine walifuata chai, tusidanganyane. Lakini walipeana namba za simu na wakaafikiana kwamba likitokea jambo, mtu asimngoje mkubwa wake, apige tu.

Basi fundi wa pampu akapiga.

"Shikamoo mama. Huku dawa imeisha."

Mama Vikao alikuwa anamfunga mgonjwa bandeji, simu kaibana kwa bega. Fundi huyo ana presha, na vidonge vyake huvichukua hapo hapo zahanati.

"Marahaba baba. Niachie mimi, usiwe na wasiwasi."

Akamwekea vidonge kwenye droo, roho yake kwatu.

Siku chache baadaye watoto wakaanza kuletwa, wanaharisha na kutapika, macho yameingia ndani. Benchi likajaa, wengine wakalazwa kwenye kanga sakafuni. Katikati ya hekaheka hiyo fundi akapita, muuguzi akamwita.

"Chukua dawa yako, usije ukatuangukia bure."

Fundi akacheka. "Yangu ninayo, mama. Mimi nilisema ya tangi, ile ya kuua vijidudu. Si ulisema nikuachie? Nikaendelea kusukuma maji, nikijua umeshaongea na ofisi."

Vikao vyote vile, na hakuna aliyewahi kuuliza mwenzake anaposema dawa anamaanisha ipi.

"Kafunge maji! Kimbia!"

Akaanza kupiga simu, moja baada ya nyingine. Mwalimu mkuu akafunga mabomba ya shule papo hapo. Msimamizi wa soko akashika kipaza sauti. Ofisi ya maji wakapakia dawa garini bila kudai barua. Kila aliyempigia aliitika na kufanya, na ndipo akaona wazi kwamba siku ile fundi alipopiga ingetosha simu moja tu.

Mwisho akampigia bintiye. Alikuwa ameogopa kumpigia mapema, maana huko ndiko aliko mjukuu wake.

"Mama, nilikuwa nakutafuta, simu yako haishikiki! Mtoto anatapika tangu alfajiri, sasa hata kulia halii."

"Umempa maji ya bomba?"

"Sasa ningempa yapi? Si wewe uliyetuambia tusichemshe, yana dawa?"

"Mlete. Mlete sasa hivi. Na njiani mpe maji yenye chumvi na sukari, kidogo kidogo, usiache."

"Maji gani, mama?"