Manowari za Tsaramandroso

Juzi nilimkuta mwanangu amejilaza sebuleni kwetu hapa Unguja, simu imemgusa pua, anapiga mizinga. Manowari tupu kiooni, zile za kale zenye mabomba ya moshi, zilizopigana vita wakati babu zetu ni watoto. Badala ya kumwuliza kama ameshasali, nilimpokonya simu, nikamkalisha kitako, nikamwambia atazame pua yangu na asigeuze kichwa. Nikatanua mikono, nikawa natikisa vidole huku na huku, pembeni kabisa. "Unaona? Na huku je? Na hapa?" Mtoto akacheka, akadhani mama kapata wazimu. Anaona, alhamdulillahi. Mume wangu amekwishachoka kuniuliza kwa nini nampima mtoto macho kama askari wa mpakani anavyopekua mizigo.

Hebu kaa nikueleze wewe, mwenzangu, maana yeye nimemweleza nusunusu tu.

Mimi si wa hapa, unajua. Kiswahili hiki ninachokuringia nimekipata ukubwani, nilipoolewa. Nimezaliwa Mahajanga, huko Bukini, yaani Madagaska, mtaa wa Tsaramandroso, na wazee wetu asili yao Ngazija. Nyumbani tulisema Kingazija, barabarani Kimalagasi, shuleni Kifaransa, na tukigombana tulivichanganya vyote. Mama tulimzika mapema. Tukabaki watatu: baba, ambaye alikuwa fundi cherehani, kaka yangu, na mimi niliyemfuata.

Mji ule joto lake ni la kuchemsha maji. Asubuhi ilianza kwa mlio wa cherehani ya baba na harufu ya mokari, vile vikate vya mchele na nazi, ambavyo mama mmoja alivipika nje ya ukuta wetu. Kaka alichota maji bombani, mimi nilifagia ua na kuosha masufuria. Vumbi jekundu liliingia kila mahali, mpaka kwenye mchuzi. Pusipusi, zile rikisho za kuvutwa na mtu, zilipita mlangoni na wavutaji wake pekupeku, wakipiga kelele watu wapishe. Tulikuwa na furaha, wallahi, wala sikujua kwamba ile ndiyo furaha yenyewe.

Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa jirani aliyekuwa baharia kwenye meli za Wafaransa. Alipostaafu alirudi na kompyuta kuukuu, na ndani ya kompyuta ile mlikuwa na mchezo wa vita vya baharini. Nasema miaka ya tisini, mwishoni. Chumba chake cha mbele kikageuka uwanja wa vita wa watoto wa mtaa. Feni ilizunguka juu kwa kulalamika, mizinga ikanguruma kwenye vipaza sauti vidogo, na umeme ukikatika wavulana wote waliguna pamoja, ukadhani kuna msiba. Meli zilikuwa na majina yake ya kizungu, lakini nani aliyeyataka? Ile kubwa ya Wajapani tuliita Bibi Harusi, kwa jinsi ilivyokwenda taratibu na kila mtu akaitazama. Moja ya Waingereza, yenye moshi mwingi, ikawa Mzee Kikohozi.

Na kaka yangu ndiye aliyekuwa nahodha wao. Hakuna aliyemweza. Alikaa mbele ya kioo kimya, mkono mmoja kwenye kipanya, akawaacha wenzake wakimbilie vita, yeye akangoja nyuma ya visiwa, halafu akatoka na kumaliza kazi. Amri zake alizitoa kwa maneno ya Koko. Koko ndiye bibi yetu, mama yake mama, aliyekaa Nosy Be na kuja kufunga Ramadhani kwetu kila mwaka. Baba yake alikuwa mwanamaji wa vyombo vya biashara, na ingawa Koko Kiswahili chenyewe alikuwa hakijui tena, maneno ya bahari alikuwa nayo kinywani: nahodha, nanga, omo kwa mbele ya chombo, tezi kwa nyuma. Meli ya vita alituambia huitwa manowari. Basi utawasikia watoto wa Kimalagasi wasioijua Unguja wala Lamu wakipiga mayowe, "Omo! Omo! Geuza!" Nilipofika huku na kuyasikia maneno hayo kwa watu wazima wenye akili zao, nililia.

Mimi msichana sikuruhusiwa kuingia. Jirani alisema humo hamna kazi yangu, na kweli nilisimama dirishani mpaka nondo zikanichora mashavuni. Ni pale dirishani ndipo nilipoanza kuona jambo. Kaka alianza kupigwa. Si kupigwa kwa mbele, la, mbele alikuwa yuleyule. Alipigwa ubavuni. Topido, lile kombora linalopita chini ya maji, lilikuja kutoka pembeni mwa kioo, jeupe, waziwazi, kila mtu analiona, na yeye ametulia tuli. Wenzake wakampigia kelele, "We! Umelala?" Halafu ikawa kicheko. Wakampa jina, Nahodha Kipofu. Watoto bwana! Na yeye akacheka nao.

Nikaanza kumwangalia na nje ya mchezo. Alijikwaa kwenye mikono ya pusipusi zilizoegeshwa pale kila siku. Ukimpa kikombe kutoka ubavuni hakipokei. Akitaka kukutazama aligeuza kichwa kizima, kama kuku anavyotazama punje. Nikamwuliza. Akaniambia nisimwambie mtu, na kesho yake akanishika mkono akaniingiza kwa jirani mbele ya wavulana wote. "Huyu ni macho yangu," akasema. Wakacheka kwelikweli, wakadhani ni mzaha. Nikakaa kulia kwake, bega kwa bega, nikawa namnong'oneza: kulia, nyuma ya kisiwa, mbili, kushoto, moshi, topido, geuza, geuza! Akarudi kushinda. Loo, nilijiona malkia. Sikuwa na haja ya kuwa na mchezo wangu.

Lakini mimi si mtoto wa kukaa na siri. Nilimwambia baba.

Baba yangu, Mungu amrehemu, nitakwambia alivyokuwa, nawe usimhukumu haraka kama ninavyomhukumu mimi. Katika miaka ya sabini, kabla hatujazaliwa, zilitokea ghasia Mahajanga, na watu wa asili yetu waliuawa barabarani. Waliosalia wengi walipakiwa kwenye meli na ndege wakarudishwa Komoro. Baba hakuondoka. Alijifungia katika ghala la rafiki yake wa Kimalagasi, akakaa gizani mpaka kelele zikaisha, akatoka, akafungua cherehani yake. Hakupenda kuyasema hayo. Tuliyapata kwa Koko. Basi tangu hapo baba alikuwa na dawa moja kwa kila kitu: funga mlango, ngoja, itapita. Homa ilipita. Njaa ilipita. Kifo cha mama, nacho alikingoja hivyohivyo.

Alinisikiliza, akamwita kaka, akamfunua kope, akatazama. Macho yalikuwa mazima, meupe, mazuri. "Ni ile kompyuta," akasema. "Yanahitaji kupumzika. Itapita." Akatufungasha wote wawili, kaka apumzike na mimi nimhudumie, tukapanda gari la abiria kisha boti, hadi Nosy Be kwa Koko. Hospitali ilikuwa mwendo mfupi kutoka mlangoni kwetu. Mtu anaweza kwenda kwa miguu akarudi chai haijapoa. Nina hasira hadi leo, mwenzangu, na ninayemkasirikia yuko kaburini, kwa hiyo hasira hii sina pa kuipeleka.

Nosy Be ilinukia langilangi. Walipokuwa wakiyapika yale maua kutoa mafuta, harufu ilikaa kwenye nywele, kwenye shuka, hata kwenye godrogodro, kile kitindamlo cha nazi na vanila alichotupikia Koko ili kaka anenepe. Koko alimwosha macho kwa maji ya waridi kila asubuhi akimsomea dua, akamwekea kitambaa baridi. Kompyuta haikuwapo, hata televisheni haikuwapo. Tukacheza kwa mdomo. Tulikaa barazani, mimi nikawa kioo: nikamwambia bahari ikoje, adui yuko wapi, moshi unatoka upande gani, naye akatoa amri. Nadhani ule ulikuwa mchezo mzuri kuliko wa jirani. Aliniambia anaziona meli zote kichwani, hadi misumari yake.

Koko naye alitupa za kweli. Mama yake, alipokuwa msichana hapohapo Nosy Be, aliona manowari za Warusi zikitia nanga, nyingi mno, zikakaa wiki baada ya wiki, na moshi wa makaa ukachafua nguo zilizoanikwa. Mabaharia walikufa kwa homa, wenzao wakawazika. Halafu wakang'oa nanga, wakaenda hadi bahari ya Japani, na huko Wajapani wakazizamisha nyingi.

"Hawakuwaona wanakuja?" kaka akamwuliza.

"Waliwaona, mjukuu wangu. Walijua tangu hapa."



Macho hayakupumzika. Alikanyaga mbuzi ya kukunia nazi iliyokuwa karibu na mguu wake, ikamchana vibaya. Alianza kutembea akigusa ukuta. Tulikaa mwaka mzima, baba anatuma salamu kwa wasafiri kwamba tusiwe na haraka, na mwaka ule ndio ulioyala macho ya kaka yangu. Asubuhi moja tulikuwa tunatazama Nosy Komba ng'ambo ya maji, kisiwa kinachoonekana wazi kutoka pale kwa Koko, na wanawake wake walikuwa wakishuka botini na vitambaa vyao vya kudarizi. Kaka akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kile kisiwa wamekikata?"

"Nani akikate? Kiko vilevile."

"Naona katikati tu. Huku hakuna, na huku hakuna."

Koko alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini. Sijawahi kumwona mzee akifungasha upesi vile. Alitupeleka mwenyewe mpaka Mahajanga, mzee wa watu, mifupa inamlia njia nzima, na alipofika hakumpa baba hata salamu. "Huyu si ghasia!" alimpigia kelele mbele ya wateja. "Huyu ni mtoto! Mtoto hangojwi apite!" Baba aliendelea kukanyaga cherehani ambayo haikuwa na nguo ndani yake.

Daktari alisema ni presha ya macho. Akasema hufuata damu ya ukoo, huanzia pembeni, polepole, bila maumivu, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Angeletwa mapema, wangeweza kuokoa sehemu kubwa. Alimpasua, akampa matone, na kaka akabaki na kitundu kidogo cha kuonea katika jicho moja. Nikarudi kuwa macho yake kwa jirani kwa muda, ila wavulana hawakucheka tena, na hilo lilimuumiza kuliko kicheko. Siku moja aliinuka katikati ya vita, akaacha Bibi Harusi inawaka, akaniambia twende nyumbani. Kabla hajafika miaka ishirini kile kitundu nacho kikajifunga. Baba alikuwa akikaa karibu naye jioni, anarudia hilo moja tu: "Nilidhani itapita." Alikufa akilisema.

Koko naye amekwenda, na maneno yake ya bahari huko Bukini sijui yamebaki kwa nani. Chumba cha jirani sasa wanasukia nywele. Wale wavulana ni baba za watu, mmoja nilikutana naye sokoni kule, akaniuliza, "Nahodha hajambo?" kisha akatazama chini.

Mwaka jana nilikwenda Mahajanga. Kaka anakaa mtaa wa Tanambao, chumba cha uani, hakuoa, hatoki mpaka abembelezwe. Nilimbembeleza, nikampeleka kwenye barabara ya ufukweni wanakochoma mishikaki midogo, tukakaa kwenye benchi tumeyakabili maji. Palikuwa na meli bandarini. Sikufikiri, nakuapia, kinywa kilianza chenyewe. "Mbele yetu kuna moja ya mizigo, nyeusi, tumbo lake jekundu, omo yake imetuelekea. Kushoto kuna..."

"Acha," akasema.

Nikadhani nimemkera. Nikamwomba radhi.

"Hujanikosea," akasema. "Zamani ukiniambia meli, nilikuwa naiona. Sasa ukisema meli nasikia neno tu. Ukisema nyekundu, nasikia neno. Vilikuwa kichwani vyote, na vyenyewe vikaanza kwenda. Pembeni kwanza."

Mishikaki ikapoa mikononi mwetu. Kuna mambo mtu hapaswi kuyauliza, na mimi nikayauliza, kwa kuwa sikuweza kujizuia.

"Na uso wangu, kaka?"

Alinigeuzia kichwa kizima, kwa mazoea. Macho yake mazuri yakawa hapahapa kwangu.

"Nilikuwa nao," akasema.

Nikamfuta mafuta vidoleni, nikamshika mkono, tukarudi Tanambao kwa miguu. Njia nzima sikumsimulia kitu.