Kaseti ya Jaja na Hedifoni za Baba Mdogo

Enzi zetu, sauti nzuri haikuja ndani ya boksi pamoja na mashine. Uliitafuta kwa mikono yako mwenyewe, kwa pamba, spiriti na subira. Wenzangu mliokulia Old Kampala mnanielewa. Watoto wa siku hizi wakibonyeza kioo mara mbili na muziki usitoke vizuri, basi kitu kimekufa, kinunuliwe kingine.

Nakumbuka tukitoka madrasa jioni, miguu imejaa vumbi jekundu, tunacheza kwepena, ule mchezo wa kukwepa usipigwe, kwa mpira wa majani makavu ya ndizi mpaka mama aite. Ndani kulikuwa na chai ya tangawizi na kabalagala za moto, vile vitumbua vya ndizi, na redio kubwa ya kaseti ikiimba sebuleni. Mawe yake ya betri yakichoka tuliyaanika juu ya bati, yakapata nguvu za siku mbili tatu. Utepe ukichomoka tuliurudisha kwa kuzungusha kalamu, taratibu, ulimi nje. Mimi nilikuwa bingwa wa kazi hiyo. Ningesema sijisifu, lakini najisifu.

Ustadi huo niliupata Kisenyi, kwenye kibanda cha fundi redio rafiki wa baba. Nilitumwa mara moja kumpelekea redio, nikawa sibanduki. Alinifundisha kusugua kile kichwa kidogo kinachosoma utepe, kwa pamba yenye spiriti, mpaka pamba itoke nyeupe. "Wewe toto," alikuwa akiniambia, "sauti mbaya ni uchafu tu. Safisha kwanza, maneno mengi badaye." Nyumbani hakuna aliyethubutu kugusa redio kabla sijaikagua.

Halafu baba mdogo akarudi safarini na wokmani, ile redio ndogo ya kaseti ya kuning'iniza kiunoni, pamoja na hedifoni zenye sponji nyeusi. Tulipanga foleni nyumba nzima. Hata Jaja, bibi yetu mzaa baba, alipewa zamu yake. Alizivaa juu ya mtandio uliokunjwa mara mbili, akasikiliza kidogo, akasema chombo hiki kinanong'ona kama mwali. Tulicheka mpaka baba akatukemea.

Jaja aliletwa Kampala akiwa bi harusi kutoka Mombasa, na huko alibakiwa na dada mmoja tu, Bi Zuhura. Wawili hawa hawakuwa watu wa barua. Walitumiana kaseti, kwa mkono wa abiria yeyote wa basi anayefahamika. Kaseti ikifika tulikaa sote sebuleni, Bi Zuhura akatusalimia mmoja mmoja kwa jina kupitia redio kubwa, naye Jaja akimjibu papo hapo kana kwamba dada yuko jikoni.

Siku moja ikaja kaseti iliyobandikwa karatasi yenye jina lake Jaja. Baba alimsomea mama yake: "Ya Mwanaisha, asikie peke yake."

Kwa hiyo ikawa zamu ya wokmani. Tulimketisha chumbani kwake, safari hii hedifoni tukazipitisha chini ya mtandio, tukatoka. Haikupita muda akaniita.

"Nasikia upepo mtupu," akasema.

Sikio la kulia la Jaja lilikufa tangu akiwa mtoto, na sote tulijua. Ndiyo maana tukitaka kuzungumza naye tulikaa kushotoni kwake. Sasa aliamini kwamba na la kushoto linaaga. Baba alishauri kaseti iwekwe kwenye redio kubwa, sauti ifunguliwe mpaka mwisho.

"Zuhura amesema nisikie peke yangu," Jaja alimjibu. "Kama siwezi kuisikia peke yangu, basi haitasikiwa."

Akaifungia kaseti ndani ya sanduku lake la nguo. Jioni ile hakuja kula nasi, na ya pili yake hakuja. Iliniuma sana. Nilikuwa na miaka kumi na moja, bingwa wa sauti wa nyumba nzima, na bibi yangu anakaa gizani na dada yake amefungiwa sandukuni.

Nilisugua kichwa cha wokmani. Nikabadilisha mawe. Nikaijaribu kwa kaseti ya kaswida, ikaimba masikio yote mawili, safi kabisa. Nikaipeleka Kisenyi.

"Leta kaseti yenyewe tusikie," fundi akasema.

"Haisikilizwi na mtu."

"Sasa mimi natengeneza nini, bambi?" akasema kwa huruma. "Hii wokmani iko mzima."

Njiani nikawaza. Kama wokmani ni nzima, na Jaja bado ananisikia nikimsemesha kushotoni, ugonjwa uko kwenye kaseti. Nikaenda kumwomba anikubalie nisikilize salamu tu. Jaja akafungua sanduku.

"Ukisikia jina langu, zima."

Nikavaa hedifoni, nikabonyeza. Sauti ya Bi Zuhura ikaingia, nzuri, karibu kabisa, yote katika sikio la kulia. Kushoto upepo mtupu. Huko Mombasa aliyemrekodi alichomeka maikrofoni upande mmoja tu wa mashine, na upande huo ndio uliomwangukia dada yake kwenye sikio lililokufa. "Asalaam aleikum, Mwanaisha," akasema Bi Zuhura, nami nikazima.

Nikarudisha utepe mwanzo. Nikazigeuza hedifoni, ya kulia ikakaa kushoto, nikamvika Jaja vizuri chini ya mtandio, nikabonyeza, nikatoka na kufunga mlango. Nyuma yangu nilimsikia akiitikia kwa sauti kubwa ya mtu aliyezibwa masikio, "Aleikum salaam, dada yangu." Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Alikuja kukaa mkekani, akavuta sahani, akasema mbele ya wote, "Huyu mtoto amenirudishia Zuhura." Nimepata vyeti maishani, lakini sifa kama ile sijaipata tena.

Leo binti yangu anasoma Chuo Kikuu cha Kyambogo na anavaa vile vidude vya masikio visivyo na waya. Juzi alilalamika kimoja kimefifia, anataka vipya. Nikachukua mswaki mkavu, nikasugua kile kiwavu chake kilichozibwa na nta, nikambadilishia raba ikaziba sikio sawasawa, na besi ikarudi. Alinitazama kama mganga. Sauti yao ni nzuri kuliko zetu zote, hilo nakubali. Lakini ujumbe wa sauti ukimfikia mtu anauweka spika katikati ya watu, na foleni nzima ya benki inajua nani hakurudi nyumbani. Hapo ndipo ninapozitamani siku zetu.

Jaja ametangulia, na Bi Zuhura pia. Ndugu zangu bado huniuliza kaseti ile ilisema nini, maana mimi ndiye niliyeishika. Siku ile Jaja asingeweza kusikia chochote kutoka kwenye hedifoni nilizovaa mimi. Ningeweza kuendelea dakika nzima na asijue. Nawajibu kwamba sijui, na nawajibu nikiwa nimeinua kichwa. Nilisikia jina lake, nikazima.