Mtahini Mwenye Kayamba

Mhudumu wa afya anayepima makuzi ya watoto wa ploti yetu hapa mtaa wa Tena hapigi hodi, anatikisa kayamba. Ana sauti ya kubembeleza hata akikohoa, na humpima yeyote anayemkuta. Soja wa geti alishapewa vibao vya rangi avipange, akapigiwa makofi, na jameni, alifurahi! Lakini akina mama wanamwogopa kama msimamizi wa mtihani. Jana Mama Musyoka, ambaye mwanawe hageuki akiitwa, aliazima Imran wa jirani na kumvalisha sweta ya Musyoka. Mimi nilikuwa dirishani. Imran akapanga vibao kama fundi wa mjengo.

"Hongera, baba," mhudumu akasema. "Asubuhi kwa Mama Mbeti pia ulifaulu, ila ulikuwa unaitwa Matheka."

Kisha akatikisa kayamba kando ya pazia la kitanda. Miguu midogo iliyoning'inia chini yake haikusogea. Akaweka kayamba chini, akapiga kitanda kwa kiganja. Musyoka akachomoza kichwa, anacheka. Mhudumu akampakata, akampangusa kamasi.

"Nilikuwa nakutafuta wewe. Mama, kesho tumpeleke kliniki ya masikio."

Mama Musyoka akafuta machozi. "Sawa, daktari. Na Imran pia tumbebe, ikiwa huko kuna mtihani?"