Mluzi Kando ya Mtaro

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Ruiru, niliambiwa Msimamizi Mkuu amekataza mluzi. Wazee wa kazi wakanifafanulia sababu: ukipiga mluzi kando ya mtaro, ardhi inashtuka na kuporomoka. Niliamini, tena kiasi cha kunywa chai ya moto bila kuipuliza.

Nyinyi mnaoegesha magari chini ya maghorofa hamjui kwamba ukuta unaozunguka maegesho hayo hujengwa kabla shimo halijachimbwa. Kwanza tulimwaga kuta mbili fupi za kuongoza mtambo, sambamba kama reli. Katikati yake mkono wa chuma wenye taya ukashuka kuuma udongo, na kila ulipouma tulijaza bentonaiti, yaani tope laini la kijivu, zito kama uji wa mama mzazi. Mtaro ulikuwa mwembamba, lakini ukiangusha nyundo asubuhi, inafika chini baada ya chakula cha mchana. Kisha kreni iliteremsha kizimba cha nondo, na konkriti ikamiminwa kwa bomba refu kuanzia chini kabisa. Ilipanda ikisukuma tope juu, nasi tukalivuta kwa pampu tulitumie tena.

Nikahamishiwa Thika, nikaanza masomo ya jioni. Mtihani uliuliza kinachoporomosha mtaro. Nikaandika: mvua, mtetemeko na mluzi. Mwalimu alidhani ni neno la kitaalamu, akanipa alama zote.

Kwa cheti nilichopata nikafanywa msimamizi wa zamu, Gitothua. Mtaro na jiko la Mama Njoki vilikuwa kama pua na mdomo. Alikuwa mjane, na nyumba ile aliijenga kwa kuuza sukuma wiki. Asubuhi moja alitoka akamwita mbwa wake kwa mluzi. Papo hapo tope lililojaa mtaroni likaanza kupungua.

"Mami, nyamaza, nyumba yako inaenda," nikamwambia.

"Kwa mluzi?" akasema. "Wee, basi nyinyi hamjengi, mnatega."

Msimamizi Mkuu, yule yule aliyekataza mluzi Ruiru, mzee wa kilemba, mwenyeji wa Thika, alifika mbio. "Jazeni tope. Pampu zote."

Tulijaza, mimi nikimwaga kwa ndoo, kwa kofia, hata kwa buti langu. Tope likapanda, likatulia. Jiko halikupata ufa wa kupitisha sindano. Mama Njoki akaanza kumwita mbwa kwa kugonga sufuria.

Baada ya hapo nilikuwa na ushahidi, nikauhubiri kwa kila kijana aliyepita mikononi mwangu. Sasa nimestaafu, nakaa Ngoingwa, naamka alfajiri kusimamia kuku. Siku ya kuniaga walinichomea mbuzi kule Kamakis. Nikasimama, nikasimulia jinsi mluzi ulivyotaka kummeza mjane na jiko lake.

Mzee wa kilemba, ambaye siku hizi hutembelea mkongojo, aliweka mfupa chini.

"Tope lilivujia choo cha zamani kilichofukiwa," akasema. "Uzito wa tope ndio unaoshikilia udongo; likipungua, udongo unaanguka. Mluzi nilikataza kwa sababu dereva wa kreni aliongozwa kwa filimbi, na vijana walikuwa wakimchanganya."